Ujana si Maradhi



Nenda mtaa wowote wa Waislamu katika pwani yetu, uwe wa Mombasa, wa Tanga, wa Unguja au wa Dar es Salaam, umwulize mzazi habari za mwanawe wa miaka 17. Ikiwa kijana ni mtulivu, mzazi atakwambia, "Alhamdulillahi, huyu bado hajaanza." Ikiwa kijana ana vituko, atakwambia, "Ndio ujana huo, utapita." Majibu ni mawili lakini mzizi wake ni mmoja. Wazazi wote wawili wanaamini kwamba ujana ni maradhi kama surua, kwamba hayana budi kumpata kila mtoto, na kwamba kazi ya mzazi ni kukaa kitako angoje homa ipande na ishuke.

Sisi twasema itikadi hii si ya kweli. Haimo katika dini yetu, wazee wetu hawakuwa nayo, na hao walioieneza duniani wamekwisha anza kuikana. Tena haiachi kudhuru, kwani kila siku inatupotezea vijana.

Kwanza tutazame imetoka wapi. Mwaka 1904 Mmarekani mmoja, Granville Stanley Hall, aliyekuwa mkuu wa Chuo Kikuu cha Clark katika jimbo la Massachusetts, alitoa kitabu cha majuzuu mawili juu ya umri huu. Humo alishikilia kwamba ujana ni wakati wa dhoruba na misukosuko: kijana hana budi kugombana na wazazi wake, kubadilika moyo kila saa, na kufanya mambo ya hatari. Hoja yake ilikuwa nini? Alidai kwamba kila mtoto, katika kukua kwake, anaipita tena njia yote waliyoipita wanadamu tangu ushenzi mpaka ustaarabu, na ujana ndio kivuko chenye mawimbi baina ya ng'ambo mbili hizo. Basi katika juzuu ya pili akaweka mlango mzima juu ya mataifa ambayo, kwa maoni yake, yalikuwa yangali katika ujana. Mataifa gani hayo? Si Waingereza wala Wajerumani, ndugu msomaji! Ni wale waliokuwa chini ya utawala wa Wazungu, nasi tumo. Kwa hisabu ya bwana huyu, babu yako mwenye mvi na wajukuu alikuwa mtoto wa miaka 15 asiyejimudu. Hisabu hiyo hiyo ndiyo iliyomfanya mkoloni amwite mpishi wake mtu mzima "boi".

Ile nadharia ya mtoto kupita njia ya wanadamu wote wataalamu wameitupa zamani. Lakini mwanawe, yaani hiyo dhoruba, tumemchukua tukamlea sisi.

Huko kwao walianza kuitilia shaka mapema. Mwaka 1928 Margaret Mead alitoa kitabu juu ya wasichana wa Samoa, akasema kwamba kwao hakuiona dhoruba hiyo. Mwaka 1983 Derek Freeman akamrudi kwa kitabu kizima, na wafuasi wa pande mbili wakabishana miaka mingi. Hatuna haja ya kuamua baina yao. Lenye uzito zaidi ni kazi ya Daniel Offer, tabibu wa maradhi ya nafsi wa Chicago. Yeye katika miaka ya 1960 aliacha kuwatazama vijana wagonjwa peke yao, akaenda kuwatazama vijana wa kawaida waliomo mashuleni. Alikuta nini? Alikuta kwamba walio wengi wanasikilizana na wazazi wao na wanakua bila ya kishindo. Na mwaka 1999 Jeffrey Arnett aliupitia upya ubishi wote, akasema kwamba misukosuko hutokea zaidi katika umri huu kuliko umri mwingine, lakini si lazima impate kila kijana, na huzidi au hupungua kwa kadiri watu wanavyowalea watoto wao.

Basi mwenye kusema leo "ndio ujana" anadhani anasema elimu ya kisasa, kumbe anasema ya mwaka 1904.

Ama kuwa umri huu una mambo yake, hilo hatulikatai, na mwenye kulikataa hajapata kukaa nyumba moja na kijana. Mwili unabadilika, matamanio yanaamka, maneno madogo yanauma. Wataalamu wa ubongo wametuonyesha kwamba sehemu ya mbele ya ubongo, ile inayopima mambo na kumzuia mtu, huendelea kukomaa mpaka baada ya miaka 20, hali ya kuwa hamu ya raha na ya sifa huwaka mapema zaidi. Mwaka 2005 Margo Gardner na Laurence Steinberg walitoa habari za mtihani waliowafanyia watu 306, wengine wa miaka 13 mpaka 16, wengine wa 18 mpaka 22, na wengine wa 24 na kuendelea. Waliwapa mchezo wa kuendesha gari katika kompyuta, ambao kadiri unavyozidi kwenda ndivyo unavyozidi kupata, lakini ukipitisha kiasi unagonga. Walipocheza mmoja mmoja peke yao, wadogo na wakubwa walikuwa karibu sawa. Walipocheza mbele ya wenzao, wale wadogo wakazidisha hatari sana, wale wa katikati wakazidisha kwa kiasi, na wale watu wazima hawakubadilika.

Hapo zingatia. Kijana ni yule yule na ubongo ni ule ule, lakini mambo yakawa mawili kwa sababu ya aliyekaa ubavuni kwake. Naye Mtume (S.A.W.) alikwisha tuusia kila mmoja wetu amtazame anayemfanya rafiki, kwani mtu hufuata mwendo wa sahibu yake. (Sisi hatumo katika wale ambao kila kikitoka kitabu Ulaya hukimbilia kusema kuwa jambo hilo lilikuwamo katika Qurani tangu zamani. Qurani haingoji kushuhudiwa na kompyuta. Twayataja haya kwa ajili ya wenzetu wanaomwamini daktari kuliko sheikh, na wako wengi.)

Sasa tuje katika sharia yetu.

Kila mtoto aliyekaa chuoni akasoma Safina, kile kijitabu cha Sheikh Salim bin Sumeir wa Hadhramut, anazijua alama tatu za kubaleghe: kutimia miaka 15, kuota ndoto ya janaba, na hedhi kwa msichana, mbili hizi kuanzia miaka 9. Tunazihifadhisha kwa sauti moja darasa zima, kisha tunafunga kitabu. Lakini kubaleghe ni jambo moja na rushdi ni jambo jingine, na hapa ndipo tulipoipoteza njia. Katika aya ya 6 ya Suratun Nisaa Mwenyezi Mungu Mtukufu anawaamrisha walezi wa mayatima wawajaribu mayatima wao mpaka wafike umri wa kuoa. Na wakiiona rushdi kwao, hapo ndipo wawakabidhi mali zao. Mwili kufika, basi, haukutosha. Lazima na rushdi ionekane, nayo haionekani mpaka mtoto ajaribiwe.

Rushdi ni nini? Maimamu walio wengi wamesema ni kujua kuitunza mali na kutoifuja. Imamu Shafii akaongeza na utengefu wa dini. Imamu Abu Hanifa aliona kwamba mtu akitimiza miaka 25 apewe mali yake, hata kama rushdi haijaonekana kwake.

Na huko kujaribu kunakuwaje? Hapa maulamaa hawakusema kwa jumla jumla. Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, amelieleza katika Minhaji, kitabu ambacho masheikh wa pwani hii wamekisomesha vizazi kwa vizazi. Anasema kwamba mtihani unahitalifiana kwa hali ya mtu. Mtoto wa mfanya biashara ajaribiwe kwa kununua na kuuza na kuvutana bei. Mtoto wa mkulima kwa kilimo na kwa kuwalipa vibarua. Mtoto wa fundi kwa ufundi wa wazee wake. Na mtoto wa kike kwa pamba na kusokota, na pia, jambo ambalo hunifurahisha kila nilisomapo, kwa kukilinda chakula kisiliwe na paka. Tena mtihani urudiwe, mara mbili au zaidi, maana mara moja huenda ikawa ni bahati. Na wakati wake, kwa kauli yenye nguvu, ni kabla ya kubaleghe wala si baada yake.

Huenda ukacheka, ndugu msomaji, kumkuta paka katika kitabu cha fikihi. Usicheke upesi. Nani katika sisi leo ajuaye kama mwanawe anaweza kukilinda chakula na paka? Hajapata kuachiwa chakula.

Ingia nyumbani mwetu utazame. Kijana wa kiume wa miaka 16 hatumwi sokoni, kwa kuwa anasoma. Haoshi sahani yake, kwa kuwa anasoma. Hajui baba anapata kiasi gani wala kodi ya nyumba ni kiasi gani, kwa kuwa anasoma, asije akashughulika. Baba akiwa na duka, huajiri mtu wa kuuza, na mwana wa duka hupita mlango wa nyuma kuchukua soda. Hata kanzu yake ya Idi huchaguliwa na mamake. Na huku dada yake, ambaye naye anasoma, tena pengine darasa lile lile, ndiye apikaye, ndiye afuaye, ndiye amwogeshaye mdogo wao, na hapana anayemshukuru wala anayemwita mtu mzima. Bibi Aisha (R.A.) aliulizwa Mtume (S.A.W.) alikuwa akifanya nini awapo nyumbani, akajibu kwamba alikuwa katika kuwatumikia ahali zake. Kijana wetu anatumikiwa na ahali zake, kisha twastaajabu kwa nini hana adabu!

Anapofika miaka 25 na shahada yake mkononi, ghafla twataka awe mume, awe baba, awe msimamizi wa mirathi. Kwa mtihani gani aliofanyiwa? Arnett tuliyemtaja mwaka 2000 aliuzulia jina maalumu umri wa miaka 18 mpaka 25, akauhisabu kuwa ni daraja mpya baina ya ujana na utu uzima, kwa sababu watu wa nchi za viwanda wanachelewa kuoa na wanachelewa kushika kazi ya kudumu. Naye ameeleza wazi kwamba hali hiyo imeletwa na maisha yao, si kitu alichoumbwa nacho kila mwanadamu. Lakini sisi, ambao hatuna viwanda vyao, tumeharakia kuuchukua ucheleweshaji wao.

Erik Erikson, mwalimu mwingine mkubwa wa elimu hii, aliyetoa kitabu chake juu ya vijana mwaka 1968, amesema jambo ambalo tunalikubali. Amesema swali kuu la umri huu ni "mimi ni nani?", na kwamba kijana halijibu swali hilo peke yake chumbani. Analijibu pale anapotambuliwa na watu wake, wakamwona kuwa ni mtu mwenye nafasi na kazi miongoni mwao. Asipotambuliwa na hao, hukaa bila ya jibu, au hulitafuta jibu kwa wengine.

Wazee wetu walilijua hili bila ya Erikson. Palikuwa na jando na palikuwa na unyago. Mvulana aliingia kumbini pamoja na hirimu zake, akatahiriwa, akafunzwa na kungwi wake yale yanayompasa mwanamume, akatoka watu wote wakijua kwamba si mtoto tena, na yeye mwenyewe akijua. Msichana akivunja ungo alikabidhiwa somo wake, mwanamke mtu mzima asiyekuwa mamake, ambaye aweza kuulizwa yale ambayo mama haulizwi. Masheikh wetu waliyapiga vita mengi yaliyokuwamo humo, ngoma na maneno yasiyofaa, na walikuwa na haki. Lakini mtu akishang'oa magugu hupanda, na sisi tulifyeka tukaenda zetu. Mvulana sasa hutahiriwa hospitali angali mchanga. Ni jambo jema na sunna imetimia, lakini yale mafunzo yaliyokuwa pamoja na kisu yalikwenda wapi? Ya wasichana yamehamia kwenye kichen pati, siku chache kabla ya harusi, miaka kumi baada ya kuhitajiwa, kwa kodi ya ukumbi na sare ya vitenge. Ya wavulana hayakuhamia popote.

Basi nani anayemjaribu kijana wetu? Twende maskani. Biashara ya unga iliingia pwani hii katika miaka ya 1980, na tangu hapo muuza unga amekuwa mwalimu hodari kutushinda sisi. Humtazama kijana kwa siku kadhaa. Kisha humpa kipakiti kimoja akipeleke mahali, aone kama atarudi. Akirudi humpa viwili. Humwachia fedha usiku kucha aone kama zitapungua. Zisipopungua humpa jina, na mbele ya wenzake humwita mtu wake. Huu ndio mtihani wa Minhaji hasa, umefanywa kwa hali ya mtu, umerudiwa mara mbili na zaidi, isipokuwa anayeufanya ni adui. Muuza unga amemwamini mwanao na fedha kabla yako wewe babake. Na wale waliokuja kuwachukua vijana wetu kuwapeleka vitani Somalia walitumia mlango huo huo. Walimwambia kijana wa miaka 18, ambaye msikitini kwao hakupata kuombwa hata kuadhini, kwamba umma mzima unamngoja yeye.

Nimetaja msikiti, na kwa hakika hapa lawama ni kubwa. Ijumaa ngapi tumekaa tukasikiliza "vijana wa leo"? Vijana wa leo hivi, vijana wa leo vile, nywele zao, suruali zao, simu zao. Nao vijana wamekaa safu ya nyuma wanasikia. Sala ikisha, kamati ya msikiti hukutana, na katika kamati hiyo mdogo kuliko wote ana miaka 55. Nani anashika daftari la michango? Mzee. Nani anasimamia ujenzi wa choo? Mzee. Kijana aliyesomea hisabu za fedha chuo kikuu huombwa apange viatu na apishe sinia la futari. Halafu tunaulizana kwa nini vijana hawaji msikitini.

Huo si mwendo wa Mtume (S.A.W.). Wakati wa vita vya Uhud alitazama jeshi lake, akawarudisha wale waliokuwa wadogo; Abdullahi bin Umar alikuwa na miaka 14, akarudishwa, na mwaka wa Khandaki alipokuwa na 15 akakubaliwa. Waandishi wa sira wanasimulia kwamba siku hiyo ya Uhud Rafii bin Khadiji alikubaliwa kwa kuwa ni hodari wa mishale. Samura bin Jundub, hirimu yake, akasema kwamba yeye humwangusha Rafii wakipigana mweleka. Wakaambiwa wapigane, Samura akamwangusha kweli, naye akakubaliwa. Tazama malezi hayo! Mtume hakumwambia Samura anyamaze kwa kuwa ni mtoto, wala hakumchukua kwa kumridhisha tu. Alimjaribu mbele ya watu. Na Ibn Umar hakudanganywa kwamba yuko tayari hali hayuko.

Na mwaka wa 11 wa Hijra, katika maradhi yake ya mwisho, Mtume (S.A.W.) alimweka Usama bin Zaid, kijana aliyekuwa na kiasi cha miaka 18, awe amiri wa jeshi la kwenda Sham, na ndani ya jeshi hilo wamo wakubwa wa Masahaba, Sayyidna Umar (R.A.) mmoja wao. Watu wakanung'unika kwa udogo wake. Mtume alitoka hali ni mgonjwa, akawarudi kwa maneno makali, akawakumbusha kwamba walimsema babake hivyo hivyo kabla yake. Baada ya kufariki Mtume, Sayyidna Abubakar (R.A.) alilitoa jeshi lile lile chini ya amiri yule yule, na alipomhitaji Umar abaki naye Madina alimwomba Usama ruhusa. Khalifa anamwomba ruhusa kijana! Na Abubakar huyo huyo, ilipotakiwa Qurani ikusanywe, alimwita Zaid bin Thabit, aliyekuwa na miaka ishirini na kitu, na akataja ujana wake pamoja na akili yake na uaminifu wake, kama sifa, si kama kasoro.

Lakini hao, utasema, walikuwa Masahaba, na vijana wetu wana matamanio. Masahaba hawakuwa nayo? Imamu Ahmad amepokea kwa Abu Umama kwamba kijana mmoja alimwendea Mtume (S.A.W.) akamwomba hadharani amruhusu kuzini. Watu wakamkemea. Mtume akamwambia asogee karibu, akakaa. Akamwuliza kama angependa jambo hilo kwa mamake, kisha kwa binti yake, kwa dada yake, kwa shangazi yake, kwa mama yake mdogo, na kila mara kijana akijibu la, Mtume akimwambia na watu nao hawapendi hivyo. Kisha akamwekea mkono, akamwombea dua. Sasa jiulize, kijana akisimama leo msikitini kwetu na swali hilo, atatoka salama? Kwa hivyo haulizi. Anaiuliza simu, nayo humjibu kwa picha.

Wako wenzetu wengine waliokosea upande wa pili, nao tusiwanyamazie. Hawa hushika kubaleghe wakaiacha rushdi. Binti akiona hedhi tu, wamekwisha mtafutia mume. Nchini Tanzania Mahakama Kuu mwaka 2016, na Mahakama ya Rufani mwaka 2019, ziliamua kwamba vifungu vya Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 vilivyoruhusu msichana kuozwa kabla ya kutimia miaka 18 vinapingana na Katiba, na wako waliokasirika kwa jina la dini. Twawauliza swali moja. Aya ile inataja umri wa kuoa, na bado haimpi yatima mali yake mpaka ionekane rushdi. Binti ambaye hamjamwamini na mkufu wake mwenyewe wa dhahabu, mwamwaminije na nyumba, na mimba, na watoto? Hawa wanaomwoza mtoto wa miaka 14, na wale wanaomwita mtu wa miaka 25 mtoto, wanaonekana kama wanagombana. Kumbe kosa lao ni moja, kwani wote wawili wameukimbia mtihani.

Najua jibu litakalokuja: "Zama zimebadilika, nikimpa fedha atazipoteza." Ajabu iliyoje! Mtoto wa miaka 12 umempa simu, ndani yake mna kila jema na kila uovu wa dunia, hukumjaribu wala mara moja. Na shilingi elfu kumi za kununulia mchele unaziogopea.

Ama hasara, maulamaa walikwisha ifikiria kabla yako. Kwa kauli yenye nguvu katika madhehebu yetu, mtoto anayejaribiwa huvutana bei yeye mwenyewe na muuzaji, na inapofika pa kufunga biashara mlezi ndiye afungaye. Kwa hivyo Jumamosi nenda naye mnadani. Simama nyuma yake, ufunge mdomo, umwache achague na aseme bei. Ukiona anapunjwa kupita kiasi, wewe ndiye mwenye fedha, unaweza kukataa. Akizoea, acha kwenda naye, umpe fedha aende peke yake, na akirudi akuhisabie mpaka shilingi ya mwisho, si kwa kumshuku bali kwa kuwa hivyo ndivyo wafanyavyo watu wazima wanaoaminiana. Na siku atakayorudi na samaki aliyeharibika, kuleni wali na mchuzi wa nazi mtupu, na Jumamosi ya pili mpe tena.